Bastola inanirukia usoni, na mkufunzi anasema sina nguvu

Swali hili limetoka kwa dada mmoja wa hapa Lubumbashi. Nimelifupisha kidogo na kuondoa yanayoweza kumtambulisha.

«Jambo papa. Nina miaka 23, kilo 47, na nimeingia polisi mwaka huu. Bastola tunayofundishwa nayo ni GP35. Kila nikifyatua inaruka juu kana kwamba inataka kunipiga usoni, na risasi zangu zote zinaangukia chini ya karatasi. Tena katika risasi kumi, mbili au tatu zinakwama: ganda linabaki limesimama juu kama bomba la moshi. Mkufunzi akiichukua bastola ileile, haikwami. Anasema sina nguvu, nikaze mikono. Nikikaza natetemeka. Hata kuvuta kile chuma cha juu ili kuingiza risasi ya kwanza ni vita. Nifanye mazoezi gani ya kuongeza nguvu?»

Jambo sana, mama. Umeuliza mazoezi ya nguvu, na nitakupa mawili matatu huko mbele, lakini ugonjwa wako si nguvu. Nimefundisha bastola zaidi ya miaka 20, na sijaona wabeba mizigo wa soko la Kenya, hapa mjini kwetu, wakilimudu teke la bastola kuliko mafundi cherehani. Barua yako yenyewe imeshatoa ushahidi. Unasema bastola inaruka juu, halafu unasema risasi zinaanguka chini. Lingekuwa teke ndilo linaloharibu shabaha, risasi zingepanda. Zinashuka kwa sababu kuna kitu mikono yako inakifanya kabla bastola haijalia. Hapo nitarudi, maana ndipo penye kazi.

Kwanza tulipime teke lenyewe. Risasi ya 9 Parabellum, ndiyo ya GP35 yako, ina gramu 8 hivi, na inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde. Nguvu inayoondoka nayo ni kama joule 490, sawa na mfuko wa unga wa kilo 25 ulioachiwa kutoka urefu wa mita 2. Hiyo ndiyo inayokwenda mbele, nayo inatisha. Inayorudi kwako ni kitu kingine kabisa. Msukumo ni uleule pande zote mbili, lakini kitu kizito kikisukumwa huenda polepole, na bastola ni nzito mara mia kuliko risasi. Ukipiga hesabu na kuongeza msukumo wa baruti inayotoka na risasi, bastola ya gramu 900 inarudi na joule 6 hivi. Hiyo ni pakiti ya sukari ya kilo moja iliyodondoka kiganjani mwako kutoka sentimita 60. Umeshadaka pakiti kama hiyo dukani, muuzaji akikurushia, na hukuanguka.

Risasi ileile ukiiweka katika bastola nyepesi ya gramu 550, pakiti ya sukari inadondoka kutoka mita moja. Nalisema kwa ajili ya waume na kaka wanaosoma hapa, kwa kuwa wana tabia ya kuamini kwamba mwanamke mwembamba apewe bastola ndogo. Bastola ndogo ni nyepesi kubeba na ngumu kufyatua: uzito umepungua, mpini umefupika mpaka kidole cha mwisho hakina pa kushika, na teke limebaki na nani wa kulimeza? Anayeanza apewe bastola nzito na ndefu kadiri mkono unavyoweza kuishika. Kama kuna mahali una uwezo wa kuanza na ile ya .22, risasi ndogo ya gramu 2.6 ambayo wanawake wa Olimpiki wanatumia kwenye shabaha ya mita 25, anza nayo bila aibu. Teke lake ni pakiti ya sukari iliyodondoka kutoka sentimita 4.

Kwa hiyo GP35 yako si adui. Ni chuma cha Herstal, Ubelgiji. John Browning aliianza, akafa mwaka 1926 kabla haijakamilika, Dieudonné Saive akaimaliza, nayo ikatoka mwaka 1935, ndiyo maana ya hiyo namba. Ni nzito, na mtutu wake haukukazwa moja kwa moja. Ukifyatua, mtutu na kulasi (hicho chuma cha juu unachopigana nacho) vinarudi pamoja milimita chache vikiwa vimeshikana, halafu mtutu unainama nyuma na kuiachia kulasi iendelee peke yake, ikipunguzwa mwendo na springi. Teke linakufikia kwa mafungu. Makarov, ile bastola ya Kirusi, haifanyi hivyo. Mtutu wake umetulia palepale, na kulasi inazuiwa na uzito wake na springi tu, kwa hiyo ingawa risasi yake ni dhaifu kuliko yako, mkono unaichukia zaidi.

Sasa sauti. Wanafunzi wengi wakiniambia «papa, inapiga sana», nikiwaongezea kinga ya masikio, teke linapungua palepale, na bastola haijabadilika hata kidogo. Mlio wa bastola ya 9 mm unafika kama desibeli 160 karibu na sikio la mfyatuaji, na sikio linaanza kuumia kwenye 140. Mwili hautofautishi kilichokupiga sikioni na kilichokupiga mkononi. Unajua tu kwamba umepigwa. Pamba haisaidii, wala karatasi ya chooni iliyolowekwa mate. Weka vile viziba vya sifongo ndani ya sikio, uvifinye vyembamba kwanza, uviingize, usubiri vivimbe, kisha juu yake vifuniko vya masikio. Kama kikosi chenu hakina vifuniko, nunua viziba wewe mwenyewe, na ikibidi ukose kingine wiki hiyo. Sikio langu la kushoto limekuwa likilia kama nyenje kwa miaka mingi kwa sababu enzi zetu aliyeziba masikio alichekwa.

Turudi kwenye zile risasi zinazoanguka chini. Risasi inapita ndani ya mtutu wa sentimita 12 kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Binadamu hajibu kitu kwa makusudi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Maana yake, wakati mkono wako unapata habari kwamba bastola imepiga, risasi imeshaingia kwenye karatasi zamani. Huwezi kulizuia teke kwa kuliwahi, lakini mwili wako haujui hivyo. Unakumbuka kishindo kilichopita, na kidole kinapoanza kuvuta, mikono inaisukuma bastola chini na mbele ili kuwahi, macho yanafumba, mabega yanapanda. Risasi inatoka wakati mdomo wa bastola umeshainamishwa. Mkufunzi anapokwambia «kaza», anakuongezea hicho hicho.

Kuna namna ya kuliona kwa macho, na mtu akiliona mara moja habishi tena. Mwambie mwenzako akujazie magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini) bila wewe kutazama, achanganye risasi za kweli na risasi bandia mbili au tatu. Nilifanya hivyo na kijana mmoja, mpana wa mabega kama mlango, kwenye uwanja wetu ambako tulikuwa tunapigia kichuguu kikubwa cha udongo mwekundu. Risasi ya kwanza, mlio. Ya pili, mlio. Ya tatu ilikuwa bandia. Nyundo ikalia «ti», na ile bastola, bila mtu wala moshi wa kusingizia, ikainamisha pua sentimita kumi chini, kama kuku anayedonoa. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Fanya hivyo nawe, na pua ikiinama usikasirike. Rudia mpaka siku moja bandia ikipita bastola ibaki imetulia. Sijui dawa nyingine iliyo bora kuliko hiyo, na haihitaji msuli wowote.

Dawa yake ya kila siku ni kufyatua tupu. Kwako itakuwa kambini, mbele ya mwenye silaha zake, kwa ruhusa. Risasi zote zitoke ndani ya chumba, siyo zikae mezani. Ziende chumba kingine. Angalia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa jicho, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe, kisha mwenzako aangalie. Elekeza ukutani ambako hakuna mtu upande wa pili. GP35 za zamani zina kitu kimoja kinachowachanganya wanaoanza: ukitoa magazini, kifyatulio hakifanyi kazi. Usidhani imeharibika. Ingiza magazini tupu, ambayo nayo umeikagua, ndipo itakubali. Vuta kifyatulio taratibu huku ukitazama gido, kile kinundu cha mbele, na ukiona kimetikisika nyundo ilipolia, umejua. Baada ya siku chache mwenzako akuwekee kifuniko cha chupa ya bia ya Simba juu ya kulasi, karibu na gido. Mgongo wa GP35 ni wa mviringo, kwa hiyo kifuniko kinayumba, na ndiyo maana kinafaa. Kisipoanguka mara kumi mfululizo, kidole chako kimejifunza kwenda peke yake bila kuita mkono mzima. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

Namna ya kushika nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu teke linaloruka juu linatokana na hapo. Mtutu uko juu ya mkono wako, siyo ndani yake. Msukumo unakuja kwenye mstari wa mtutu, mkono unazuia chini ya mstari huo, basi bastola inazunguka kama mlango kwenye bawaba. Kadiri mkono unavyokuwa chini, ndivyo inavyozunguka zaidi. Wanaoogopa hushika chini, kwa kuwa mkono unakimbia kile chuma kinachotembea. Wewe panda. Bonde lililo kati ya gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia liingie juu kabisa nyuma ya mpini, mpaka lisipate pa kwenda. Kwenye GP35 kuna kodi ya kulipa: nyundo yake ikirudi hupenda kubana ngozi hapo. Ijaribu bila risasi, rudisha nyundo mpaka mwisho uone inagusa wapi. Ikibana, shuka milimita mbili tatu, au bandika plasta kwenye ngozi. Usishuke sentimita mbili kwa kuogopa kidonda kidogo.

Mkono wa kulia ukishakaa, tazama upande wa kushoto wa mpini. Pana sehemu imebaki wazi, haijafunikwa na kitu. Hapo ndipo mahali pa kitako cha kiganja chako cha kushoto, ile nyama nene chini ya gumba. Watu wengi hufanya mkono wa kushoto sahani ya chai, wakaukinga chini ya magazini. Sahani haizuii kikombe kisiruke. Jaza ile nafasi, vidole vya kushoto viviringe juu ya vya kulia, cha shahada kikibana kwa chini ule upinde unaozunguka kifyatulio. Kifundo cha mkono wa kushoto kiinamishe mbele kidogo. Magumba yote mawili yalale upande wa kushoto yakitazama mbele. Gumba la kushoto lisipite nyuma ya kulasi hata siku moja. Inarudi kwa kasi na haina huruma, nimeshafunga vidonda vyake.

Nguvu kiasi gani? Bana mpaka bastola ianze kutetemeka, kisha legeza mpaka mtetemo uishe, ukae hapo. Na usigawe sawasawa: wa kushoto ubane zaidi, wa kulia upumzike kiasi, kwa sababu wa kulia ndio wenye kidole kinachovuta, na mkono uliokazwa wote hauwezi kutembeza kidole kimoja peke yake. Umewahi kutwanga sombe, majani ya muhogo, bila shaka. Aliyezoea hakabi mchi. Mkono umefunga kiasi cha kutoteleza, kifundo kimenyooka, kiwiko kina ulaini kidogo, kazi inafanywa na mgongo. Anayekaba mchi anatoka malengelenge kabla sombe haijalainika. Ni kushika kulekule.

Mikono isiwe na mafuta. Hili dada zangu wanalisahau: umejipaka losheni asubuhi, au umetoka kula bukari na samaki, halafu unashangaa mpini unateleza. Osha kwa sabuni, kausha. Juni na Julai, asubuhi zetu hapa zina baridi ya kweli, na vidole vya baridi havina nguvu. Viingize kwapani dakika mbili kabla ya zamu yako, acha wacheke. Kuna wanaovisha mpini kipande cha shambrea (mpira wa ndani) ya baiskeli ili usiteleze. Kinasaidia, lakini kinanenepesha mpini, na mpini wa GP35 ni mnene tayari kwa sababu magazini yake inabeba risasi 13 katika safu mbili. Kwa mkono mdogo ningekiacha. Bora umwombe mtunza silaha akutafutie vibao vyembamba vya mpini. Kidole chako kikifika kwenye kifyatulio kwa nusu ya ncha, inatosha. Kisipofika, utajikuta unauzungusha mkono wa kulia kukizunguka mpini, na hapo teke linaingia kwenye fundo la gumba badala ya kupita mkononi mpaka begani. Tazama kutoka juu: mtutu na mfupa wa mkono wako vikae karibu mstari mmoja.

Kusimama ni rahisi kueleza katika mji huu. Umewaona wale wanaoingia mjini na baiskeli za makala (makaa), magunia yamewazidi urefu, wakiisukuma kupanda mlima. Hakuna anayesukuma baiskeli ile akiwa ameegemea nyuma. Mguu mmoja umetangulia, goti limekunjwa kidogo, uzito uko kwenye vidole vya miguu, kifua kimetangulia kiuno. Simama hivyo. Wewe wa kilo 47 ukisimama wima huku mabega yamerudi nyuma, kama mtu anayeikimbia bastola yake mwenyewe, teke linakusukuma kisigino. Ukiegemea mbele, kilo zako zote 47 ziko nyuma ya bastola, nazo ni nyingi mno mbele ya pakiti ya sukari. Viwiko vikaribie kunyooka lakini visifungwe, mabega yashuke. Ukihisi mabega yanagusa masikio, shusha mikono, pumua, anza tena.

Sasa maganda yanayokwama. Mkufunzi ameona sawa kwamba yanakwama kwako tu, ila amelipa jina baya. Kulasi inahitaji kitu kilichotulia cha kurudi dhidi yake. Kifundo cha mkono kikilegea, mwili wote wa bastola unarudi pamoja na kulasi, safari ya kulasi inafupika, ganda halitupwi nje vizuri, kulasi ikirejea inalibana likiwa limesimama. Ndilo hilo bomba lako la moshi. Kinachotakiwa ni kifundo kilichonyooka na kufungwa, mifupa ikae mstari mmoja, siyo misuli ikaze mpaka itetemeke. Jaribu sasa hivi: sukuma ukuta kwa ngumi, kifundo kikiwa kimepinda, halafu kikiwa kimenyooka. Nguvu yako haikubadilika, lakini ukuta umeiona tofauti. Ukirekebisha kushika na kusimama, natarajia zile mbili tatu katika kumi zipungue siku hiyohiyo.

Na kuvuta kulasi. Unapigana nayo kwa sababu umenyoosha bastola mbele, kisha unaibana kulasi kwa gumba na kidole kimoja kama unayechomoa mwiba. Ilete karibu na kifua, mdomo ukiendelea kutazama kwenye shabaha, usigeuke kuelekea kwa jirani. Hapo ndipo wengi hukosea, wanageuka mwili ili wapate nguvu na bastola inapita kwenye matumbo ya wenzao. Kabla ya kuvuta, chemba ikiwa tupu na kidole kikiwa mbali na kifyatulio, rudisha nyundo kwa gumba. Nyundo ikisharudi, kulasi haina tena kazi ya kuirudisha, na utahisi tofauti mara moja. Sasa ifunike kulasi kwa vidole vinne vya kushoto kutoka juu, upande wa nyuma, kitako cha kiganja upande wa pili, mbali na tundu la kutolea maganda. Usivute. Shikilia kwa kushoto, halafu usukume mpini mbele kwa mkono wa kulia kwa mpigo mmoja, kama unayemsukuma mbuzi asiyetaka kutoka zizini. Kusukuma kuna kifua na bega. Kuvuta kuna vidole tu. Ikifika mwisho, iachie ghafla irudi yenyewe. Ukiisindikiza, inakwama tena.

Ukienda uwanjani, omba jambo moja hata kama wengine wataona ajabu: kwa mara chache za kwanza utiwe risasi moja tu katika magazini. Si kwa ajili ya uchumi. Mtu mwepesi anayeanza, bastola ikimrukia, anakaba kila kitu, na kidole kinavuta tena bila kujua, mdomo ukiwa unatazama mbinguni. Nimeona risasi ya pili ikipita juu ya kichuguu, na siku hiyo nilifunga uwanja saa nne asubuhi. Risasi moja, tazama gido likipanda na kushuka bila kufumba jicho. Moja tena. Ukiweza kumwambia mkufunzi risasi imeingia wapi kabla hamjaenda kutazama karatasi, tia mbili, kisha tano. Karatasi iwe nyeupe, bila duara, mita 5 tu. Duara linamfanya mtu anyakue kifyatulio pale gido linapopita katikati. Na risasi 30 kwa siku zinatosha. Baada ya hapo mikono inachoka, na mkono uliochoka unajifunza uoga upya. Kifundo kikiuma kwa ndani, au vidole vikifa ganzi, siku hiyo imekwisha. Osha mikono na uso kabla ya kula, risasi ni madini ya sumu. Na siku ukiwa mjamzito, mwambie mkubwa wako, usifyatue.

Mazoezi uliyoyaomba: bidoni la lita 20, lijaze nusu, ulibebe mkononi pembeni ya mwili badala ya kichwani, hatua mia, kisha mkono mwingine. Kitenge kilicholowa, kikamue mpaka tone la mwisho, ukibadilisha mkono unaogeuka juu. Fanya hayo siku tatu kwa wiki, maana misuli ya mkono inakua siku za mapumziko.

Mtaniuliza pia, maana huwa mnaniuliza, kuhusu vile vifaa vya kufunga mdomoni mwa mtutu vinavyotoa moshi juu ili kuizuia pua. Vinafanya kazi, kwa anayeshindana kwa bastola yake ya michezo. Bastola ya serikali haifungwi kitu. Na wale walinzi wa kampuni mnaoniandikia kila mwezi: sheria haiwaruhusu kubeba silaha ya moto, kwa hiyo sina la kuwafundisha hapo.

Limebaki moja, mama, nalo linaihusu bastola yenyewe. Chuma cha umri ule, mara nyingine ganda linakwama kwa sababu magazini imechoka springi, na mfyatuaji hana kosa. Magazini zinazopita mikononi mwako zitie alama kwa rangi ya kucha: moja nukta moja, nyingine nukta mbili. Kila ikikwama, andika alama iliyokuwemo na risasi ya ngapi. Baada ya risasi mia tazama daftari. Kukwama kukitawanyika kote, rudi kwenye kifundo chako. Kukijazana kwenye nukta mbili, ipeleke kwa mtunza silaha pamoja na daftari, na kabla ya kuiacha mwombe mkufunzi apige risasi 13 kutoka magazini hiyohiyo.